Kibao cha Shingoni

Mwalimu wetu wa darasa la pili, kule Mulekera, Beni, alitumwa na serikali kutoka mkoa mwingine, na Kinande, lugha yetu, hakukijua hata salamu. Darasani ilikuwa Kifaransa tu. Aliyeponyokwa na neno la Kinande alivikwa symbole, kibao chenye kamba, akakaa nacho shingoni mpaka mwenzake akosee.

Mimi nilikuwa na kigugumizi. Mwalimu aliponiuliza jina langu nilikwama mwanzoni kabisa, midomo ikitetemeka, naye akaamini ninameza Kinande.

"Munamuona? Iko anaficha Kinande mu koo!" aliwaambia wenzangu kwa Kiswahili, ili hata wasiojua Kifaransa wacheke.

Darasa zima likaangua kicheko. Kila nilipokwama alinivika tena; kibao kikawa changu mwaka mzima. Kamba ilinichubua, na jioni mama alinipaka mafuta ya mawese huku akimlaani yule bwana kwa Kinande safi. Nilimchukia. Nasema hivyo bila haya, ingawa kila Jumapili naimba kwaya.

Sasa niko Butembo, kwenye chumba kidogo cha kituo cha afya, nawazoeza watoto kusema. Kigugumizi bado ninacho na sikifichi. Sheria yangu ni moja: mtoto akikwama, tunangoja. Mkubwa anayemmalizia neno anavaa kibao mpaka mtoto alitoe mwenyewe. Nilikichonga kwa mkono wangu, na watoto wanakipenda kuliko pipi.

Juzi aliingia mzee mwenye fimbo, amemshika mkono mjukuu wake wa kike. Nilimtambua kabla hajakaa: mwalimu wangu wa darasa la pili. Yeye hakunitambua. Nilimweleza sheria, akaitikia kwa kichwa.

"Mutoto amenyamaza, mama. Hata ku nyumba hasemi tena. Lakini bubu, hapana."

Nilimuuliza mtoto chakula anachokipenda.

"S-s-s..."

"Sombe!" akadakia babu.

Furaha mbaya ilinipanda kifuani. Niliinuka, nikamvika kibao. Akakitazama, akanitazama usoni, jasho likamtoka. Nilitamani kamba imchubue.

Mtoto alimwona babu yake, Koko kama anavyomwita, na kile kibao, akacheka, akaanza upya.

"Hapana sombe, Koko. S-s-sa... samaki."

Kumbe miaka yote babu amekuwa akimlisha sombe, majani ya muhogo. Kwa sheria yangu mwenyewe, hapo nilipaswa kumvua kibao. Sikumvua.

"Mama," akasema polepole, "unanijuaka?"

Ningeweza kuitikia kwa kichwa, ikaisha. Lakini neno hilo, ndiyo, nilikuwa nimemwekea tangu darasa la pili.

"N-n-n..."

Nikakwama, wala sikujiharakisha. Niliona midomo yake ikianza kusogea, inataka kunimalizia. Mjukuu wake akamwekea kidole mdomoni.

"Koko, ng-ng-ngoja."

Basi akangoja, kibao kikimning'inia kifuani, na mimi sikuwa na haraka yoyote.