Ua Lililonyimwa Jina

Harufu ya gazeti lililolowa kisha likakaushwa juani hunirudisha Segerea, nyumbani kwetu, siku tuliyotembelewa na mtu mwenye utepe wa kupimia.

Ngoja nikueleze kwanza kwa nini utepe ulitutisha. Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa bonde, haina hati, na mama aliijenga kwa kuuza vitumbua, tofali baada ya tofali. Mtaani kwetu mgeni mwenye utepe alikuwa na maana moja tu: bomoabomoa. Basi kijana yule alipochuchumaa nyuma ya choo, akachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu penye vimaua vya rangi ya zambarau, majirani walikuwa wameshajaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nasoma mimea. Ua hili sijaliona kwingine. Nyie mnaliitaje?"

Baba Shani, jirani yetu, akaguna. "Hata mie nilipobomolewa walianzaga hivihivi, na vicheko. Leo ua, kesho greda!"

"Halina jina," mama akasema.

Uongo! Tuliliita kikombe cha nyuki, na yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Lakini alinikazia macho, nami nikalimeza.

Kijana hakukasirika. Alipima jani, akahesabu petali, akalaza tawi moja katikati ya magazeti, yale aliyokuwa akiyaanika juani kila yalipolowa utomvu. Alitueleza kwamba ua peke yake halitoshi kujua kama mmea ni wa aina mpya. Sharti aone na tunda lake. "Nitarudi likizaa," akasema.

Neno hilo ndilo lililoliua. Kesho yake mama alishika jembe, akang'oa yote.

Kijana alirudi kweli, mvua zilipokata. Akautazama udongo mtupu. "Limeenda wapi, mama?"

"Limeliwa na ng'ombe," mama akajibu, ilhali mtaa mzima haukuwa na hata mbuzi.

Akashukuru, akaondoka taratibu. Tukashangilia, tuliamini tumeokoa nyumba.

Wabomoaji walikuja mwaka mwingine. Hawakupima chochote. Walichora alama ya X ukutani kwa rangi, wala hawakuuliza mwenye nyumba anaitwa nani.

Siku hizi nafundisha biolojia, na ua lile nimelitafuta bonde hadi bonde bila kuliona. Nilichelewa kuelewa kwamba anayekuuliza jina la kitu, mara nyingi anataka kibaki.