Kitanda cha Juu ya Magunia

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa wapo katika ukoo huu ambao wangefurahi niisahau: siku Fundi Lameki alipoingiza mbao kwenye chumba changu pale Mafinga, akanikonyeza na kusema, "Mtoto huyu sasa atalala ghorofani." Nilicheka. Nilikuwa binti mdogo wa darasa la nne, nikajiona mtoto wa bwana mkubwa. Mguu huu unanikumbusha cheko lile kila inapoingia baridi ya Juni.

Nakuandikia kwa sababu umenitumia picha ya kitanda cha juu, unataka kumnunulia mjukuu wangu Baraka, eti chumba chake huko Mbeya ni kidogo. Umeniuliza rangi. Rangi! Halafu umeeleza nafasi ya chini mpaka nimechoka kusoma: meza itakaa hapa, maboksi ya mizigo ya duka yataingia pale, baiskeli yako itaegemea kule. Mtoto mwenyewe atakayelala juu hukumtaja hata kwa bahati mbaya. Ndipo nikachukua kalamu, mimi ambaye na kalamu hatukuzoeana, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa babu yako.

Babu yako Galusi alikuwa mpasua mbao. Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulitoka kwenye nyumba ya nyasi tukahamia nyumba ya bati, na kijiji kizima kikaja kutupongeza. Lakini nyumba ya nyasi ilikuwa na dari. Wewe hukuiona dari ya Kihehe. Ni jukwaa la fito juu ya moto wa kupikia. Mahindi yalipangwa kule juu, moshi ukapanda, ukayakausha, ukafukuza wadudu, nayo yakakaa mwaka mzima bila kutobolewa. Nyumba ya bati haikuwa na dari, na jiko lilikuwa kibanda cha nje. Basi mahindi yakakosa pa kukaa. Watu wazima wakatazama huku na huku, wakaona mahali pamoja tu pa kunyang'anya: chumba changu.

Chumba chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Baba akasema, "Tumpandishe mtoto juu, magunia yakae chini." Baba mdogo Yohana, mdogo wake, ambaye alikuwa anakaa kwetu na kula kwetu na kutoa maoni kwetu, akapiga makofi. "Kaka, hapo umefikiri kama mtu wa mjini!"

Wote hawa nawataja kwa majina yao. Najua utasema, "Mama, marehemu hasemwi." Marehemu hasemwi na mtu mwenye miguu mizima.

Fundi Lameki naye. Mbao alizipata siku hiyo hiyo zilipopasuliwa, mbao za paina zenye utomvu bado, ukizishika mkono unanata. Fundi yeyote wa Mufindi anajua kwamba mbao mbichi hupangwa kivulini, huwekewa vijiti katikati ili upepo upite, na huachwa mpaka zitulie. Lameki alijua kuliko wote. Lakini baba alikuwa na haraka, mahindi yalikuwa yamelala sebuleni, na Lameki hakuwa mtu wa kumwambia mwenye kazi "subiri". Samaki mkunje angali mbichi, sawa, lakini ubao mbichi ukiupigilia msumari, ukikauka unajikunja wenyewe na msumari unabaki unacheza kama jino la mtoto. Ngazi hakuipigilia kabisa. Alitengeneza ya kuegemeza, akaisifia: "Hii mnaweza kuitumia hata kwenye kazi nyingine." Ikatumika kwenye kazi nyingine zote. Ilipanda kwenye paa, ilienda kwa majirani, ilichuma maparachichi. Kitandani kwangu ilikuwa mgeni.

Na kule juu, mwanangu! Nikiketi, kichwa kinagonga bati. Asubuhi bati linatoa jasho, linanidondokea usoni. Nililalamika. Baba akasema nitazoea. Yohana akasema, "Utazoea, mbona popo wamezoea?" Wakacheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Bibi yangu Melania, mama yao hao wawili, alikuja kututembelea kutoka upande wa Ilula, na kapu la nyanya kichwani. Aliposalimiwa "Kamwene" na kila mtu na kunywa uji wake, akataka kuona nyumba. Akafika chumbani kwangu, akasimama.

"Galusi, hiki nini?"

"Kitanda cha juu, Mama. Cha kisasa."

"Na haya chini?"

"Mahindi."

Bibi akayabonyeza magunia kwa kidole, akatazama juu, akatazama tena chini. "Kwetu mahindi hulala juu na mtu hulala chini. Wewe umegeuza."

Yohana akadakia, "Mama, dunia imegeuka."

"Dunia igeuke. Moshi umegeuka? Moshi bado unapanda juu, Yohana." Kisha akauliza, "Na ngazi iko wapi? Mtoto anashukaje?"

"Anaruka," Yohana akasema. "Huyu mwepesi kama ngedere."

Bibi hakucheka. Akamwambia baba, "Mahali pa kuwekea mahindi umemweka mtoto. Mtoe." Baba akaitikia "Ndiyo, Mama" kwa sauti ile ya mtu ambaye hatafanya. Mama yangu alikuwa mlangoni na beseni, akainamisha kichwa. Mkwe wa siku zile alimeza maneno mpaka akavimba.

Ikaja Jumapili ya mvua ya rasharasha na ukungu, baridi ya Mafinga ile inayoingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa na mafua makali, mama akanifunika blanketi juu kule, akaenda kanisani pamoja na baba na Bibi, ambaye alikuwa bado yuko kwetu. Yohana alibaki. Yeye kanisani alikwenda Krismasi.

Sasa yale magunia yalikuwa yameanza kupata unyevunyevu kwa yale maji ya bati, na kesho yake mnunuzi alikuwa anakuja. Yohana akapata akili. Akawasha jiko la mkaa, akaliingiza chumbani, akaliweka karibu na magunia ili yakauke. Dirisha akaliziba kwa gunia tupu ili joto lisitoke. Ngazi, ambayo siku hiyo kwa bahati ilikuwa mahali pake, akaichukua akaenda kuziba tundu la paa la kibanda cha kuku. Akafunga mlango.

Baadaye alisema hakujua kwamba kuna mtu juu. Kwenye kitanda changu. Hakujua kuna mtu.

Niliamka kichwa kinapasuka, macho yananiwasha, kifua kimebana. Nikaita, sauti haikutoka. Nikapapasa ngazi, hakuna. Nikashika ubao wa ubavuni ili nijishushe, ule ubao wa Lameki uliokuwa mbichi na sasa umekauka, ukang'oka wote na misumari yake. Nilianguka nao. Mguu ulikuja chini yangu, na mlio wake niliusikia kabla ya maumivu.

Huko nje Yohana alisikia kishindo. Unajua alisema nini? "Ah! Gunia limeanguka!" Akaja mbio kuokoa gunia. Alipofungua mlango, hewa ikaingia, na mimi nikapata pumzi. Kwa hiyo mpaka leo sijui nimshukuru au nimlaani. Nimepona kwa sababu baba yangu mdogo alikuwa anayapenda mahindi.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nasema methali hiyo ina kasoro. Waliokataa kusikia walikuwa watu wazima, na guu lililovunjika lilikuwa langu.

Waliporudi kanisani walinikuta nimelazwa uani juu ya mkeka, Yohana ananipepea kwa sahani. Mama alipiga yowe, ndiyo sauti yake ya kwanza kubwa niliyoisikia katika nyumba ile. Mganga wa mifupa alipoitwa na kunifunga vijiti, Bibi Melania akamshika baba mkono, akampeleka chumbani. Mlango ulikuwa wazi, niliona yote.

Akaegemeza ngazi. "Panda."

"Mama, mimi?"

"Kwani ni kitanda cha nani? Ulikichagua wewe. Panda."

Baba, mtu mzima mwenye suti ya Jumapili, akapanda. Kitanda kikalia kama mbuzi. Alipotaka kuketi, bati likamgonga, kofia ikaanguka. Bibi akaitoa ngazi, akaiegemeza ukutani nje.

"Sasa shuka."

Baba akatazama chini. Akajaribu mguu mmoja, akaurudisha. Majirani walikuwa wamejaa uani, hakuna aliyecheka.

"Mama, nipe ngazi."

"Utazoea," Bibi akasema. Alikuwa ameniuliza maneno yao yote, nami nilimwambia. Akavuta gunia moja, akalikalia, akamwambia mwanawe kwa upole kabisa, "Hukumtengenezea mtoto kitanda, Galusi. Umeyatengenezea mahindi chumba, mtoto ukamwacha kwenye dari. Kila aliyeingia humu alitazama magunia. Hata mmoja hakuinua macho."

Baba alilia kule juu, nikiwa namsikia. Kesho yake Lameki akaitwa na msumeno, akaikata miguu ya kitanda kikawa cha chini. Lameki akasema mbao ndizo zenye makosa. Yohana akasema jiko ndilo lenye makosa. Mahindi yaliuzwa. Mguu wangu uliunga kwa kupinda, shule ilikuwa mbali, mlima kwenda na mlima kurudi, nikaishia darasa lile lile la nne. Wenzangu niliowazidi hesabu leo wana pensheni.

Basi nisikilize, Tumaini. Sisemi usinunue. Chumba kidogo ni chumba kidogo, na mtoto hufurahi kupanda. Lakini kabla hujauliza rangi, panda wewe, ulale, uketi, uone kama kichwa kinagusa dari. Ubao uliokauka huwa mwepesi na haunati, na fundi akikuambia utakaukia nyumbani, mrudishie. Ngazi ipigiliwe, isiwe ya kuazimwa hata na mimi. Ubavuni pawe na kizuizi ambacho wewe mwenyewe umekitikisa kwa nguvu zako zote, siyo kukigusagusa kwa heshima. Baridi ya Mbeya naijua, ongeza blanketi. Jiko la mkaa lisivuke kizingiti cha chumba kile, hata kama mkeo amefua na nguo hazikauki. Mtoto akisema kule juu pana shida, usimwambie atazoea. Na hayo maboksi ya duka yatafutie mahali pengine. Ukishaweka mali yako chini ya mtoto, macho yako yatakuwa yanashuka chini kila uingiapo. Ndivyo tulivyo. Wewe ukiingia humo, kwa lolote, inua macho kwanza.

Nikija mwezi ujao, kabla sijanywa chai nitataka kukiona. Nitapanda hivyo hivyo na mguu wangu, na ole wako kitanda kilie.

Mungu akupe sikio ambalo baba yangu alilipata akiwa ameshachelewa. Ampe Baraka usingizi mwema na ndoto za juu huko. Na kila asubuhi amshushe salama, kwa miguu yake yote miwili, aende shule.