Ungo wa Mama Hilaria

Hasira ya Coleta ilianza kwa mtu asiyemjua hata kwa sura. Alijipiga picha, amependeza, nyuma yake mitumba anayouza pale sokoni Mazwi, akaiweka Facebook na kuandika anakotoka. Jitu moja la huko mjini likajibu: "Sumbawanga? Usituroge, dada!" Wakafuata wengine kama nzi. Nguo hawakuziona, wala yeye mwenyewe hawakumwona. Wapumbavu wakubwa!

Angewapuuza yangeisha. Lakini akaona akicheka nao watachoka, akajipiga picha amekalia ungo kama mchawi anayeruka. Wee! Laiki zikamiminika, naye akaanza kujiita Rubani. Ikawa hata uso hajanawa, keshafungua simu kuwauliza wasiomjua yeye ni nani leo. Mtu mzima, jamani!

Picha zilipomwishia, akakumbuka ile ya mama yake, Hilaria, akipepeta ulezi kule kijijini Kate, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Akairusha: "Mwalimu wangu wa urubani."

Wa mjini walicheka wakasahau. Lakini Kate nako simu zipo.

Msimu wa kulima ulipofika, Hilaria alipika pombe ya ulezi kama kila mwaka, ili majirani waje na majembe, wainue matuta, jioni wanywe. Coleta alikuja na bodaboda kusaidia. Shambani hapakuwa na mtu. Hata Masalu, mfugaji ambaye pombe ya Hilaria haikuwahi kumpita, aliswaga ng'ombe wake kwa njia ya mbali.

Coleta akachemka. "Washenzi hawa! Si wamekunywa hapa miaka yote?"

"Wameiona picha," mama alisema. "Jirani yetu Klementina alinionyesha."

"Niliifuta, mama!"

"Kwake bado ipo."

Coleta alitamani kumtukana mtu mpaka sauti imkauke. Aanze na nani? Wa mjini, Masalu, au yule Rubani aliyemfuga mwenyewe simuni?

Mama akachota pombe. Akaonja kwanza, kama mpishi yeyote anavyomwondolea mgeni shaka, kisha akampa bakuli. Coleta akalipokea, na kabla ya kulipeleka mdomoni akajikuta amelikazia macho koo la mama yake, aone kama kweli amemeza.

Hilaria akaliona jicho lile. Akafungua kinywa wazi, akatoa ulimi, kama mgonjwa mbele ya daktari.

"Nimemeza, mwanangu," akasema. "Kunywa."