Kulikuwa na Ini Moja

Nyumbani kwetu hadithi zote zilianza na ini. Sikujua kwamba hilo ni jambo la ajabu mpaka siku mwalimu wa darasa la tatu alipotutaka tusimulie hadithi, nami nikasimama na kusema kwa sauti kubwa kwamba kulikuwa na ini moja. Darasa zima lilicheka. Nilingoja wanyamaze ili niendelee. Niliona wamewahi mno, maana mahali pa kuchekea palikuwa bado.

Kosa lilikuwa la baba. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa kaskazini mwa Katanga, na Kifaransa chake kilikuwa cha karakana: majina ya vyuma, amri za wasimamizi, na matusi yao. Filamu za katuni zilizofika sebuleni kwetu zilisema Kifaransa, na baba ndiye aliyetufasiria. Wafaransa hufungua hadithi zao kwa maneno il était une fois, kama wengine wanavyosema hapo zamani za kale. Hilo fois hutamkwa fwa. Baba alijua fwa moja tu, ile aliyoisoma kwenye ubao wa muuza nyama, foie, nayo maana yake ni ini. Basi mawingu ya rangi ya waridi yalipofunguka na sauti ya mwanamke ikaanza kusimulia, baba alikohoa kidogo, akajiweka sawa kwenye kiti chake na kututangazia kwa Kiswahili cha mji wetu:

"Kulikuwaka maini moja."

Hakuna ini lililotokea katika filamu yoyote. Mimi na kaka yangu tulilingoja hata hivyo. Tuliamini limefichwa mahali fulani, nyuma ya ngome au ndani ya kisima, na kwamba filamu inayofuata ingetuonyesha.

Tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa na jitu linaloogopa kuku, binti mfalme anayekoroma hadi vigae vya ngome vinaanguka, na bata bukini anayelinda daraja. Baba aliwahamishia wote Katanga. Jitu lilikuwa mchimbaji wa Kambove, aliyeshuka shimoni mwembamba, akaonja udongo wa shaba, akatoka na ukubwa ule. Lilipolia njaa, lililia bukari, ugali wetu, na vinkubala, wale viwavi wa kukaanga tunaowapenda, ingawa kwenye sahani yake tuliona mkate mrefu wa Kifaransa. Binti mfalme, kwa tafsiri ya baba, alikoroma kwa sababu alikuwa ndugu wa mama, na hapo mama alimrushia kitambaa cha meza. Bata alikuwa wa forodha ya Kasumbalesa. Baba alimpa sauti ya puani, sauti ya mtu aliyeshiba ambaye malori yote yanamngoja yeye, na bata alipofungua mdomo tu, sisi tulikuwa tumekwisha kuanguka chini kwa kicheko.

Nimefikiri mara nyingi kwa nini hadithi za namna ile hushika familia nzima kwa mkono mmoja. Nadhani ni kwa sababu mkubwa na mdogo hucheka mahali pamoja, kila mmoja kwa sababu yake, na hakuna anayelazimika kueleza ya kwake. Mtoto anacheka kwa sababu bata ameanguka majini. Baba yake anacheka kwa sababu anawajua mabata wa daraja lile. Tena humo ndani mwili hauharibiki. Jitu linaanguka kutoka mnarani, linabonyea kama sufuria ya aluminiamu, nyota zinazunguka kichwani mwake, halafu linajikung'uta na kwenda zake. Tulikaa mbele ya kioo cha televisheni tukiiangalia nchi ambamo hakuna kisichoweza kujikung'uta, na baba akituhakikishia, kwa sauti yake, kwamba nchi hiyo iko hapa hapa, baada ya Likasi kidogo.

Mwaka huu, majira ya baridi yalipoingia na upepo ukaanza kuleta vumbi la mgodi hadi ndani ya nyumba yetu ya Ruashi, macho ya baba yaligeuka manjano. Kisha tumbo likavimba, mikono na miguu ikikonda. Mimi na kaka yangu tulimpeleka hospitali. Daktari alituita ukumbini, mbali na kitanda, akazungumza nasi Kifaransa cha upole. Alisema ni le foie. Alisema ugonjwa umekwisha kwenda mbali, kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu na kumrudisha nyumbani. Kaka yangu alinitazama. Nilijua amesikia nilichosikia mimi, neno lile lile likija na sauti ya baba nyuma yake, na kwa kitambo kifupi cha aibu midomo yetu ilitaka kucheka.

Tulimwambia mama peke yake, uani. Hakulia. Alikaa juu ya kigoda cha kupikia, akafuta mikono yake kwenye kitenge kwa muda mrefu ingawa ilikuwa mikavu, kisha akatoa amri.

"Musimuambie," alisema. "Muntu akishajua, anaanza kufa mbele ya siku yake."

Basi baba aliambiwa ana tifoide, ugonjwa ambao kila mtu mjini kwetu ameugua na kupona. Aliupokea bila swali. Mama alilifukuza neno maini ndani ya nyumba. Ini lenyewe hakulipika tena, ingawa baba alilipenda kuliko nyama yoyote, na muuza nyama alipompigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara kwamba amemwekea kipande kizuri, mama alipita kana kwamba ametukanwa. Tulichotaka sisi watatu kilikuwa kidogo: siku zilizobaki aziishi kama mtu anayepona.

Jumapili moja baada ya misa kaka yangu alikuja kutoka Kasumbalesa, anakofanya kazi ya kuandaa makaratasi ya malori, akiwa na wanawe wawili, msichana wa miaka minane na mdogo wake wa kiume. Wanasoma shule ya Kifaransa. Walikuwa wameleta ile filamu ya jitu na kuku kwenye fimbo ndogo ya kuchomeka kwenye televisheni, kwa kuwa kwao filamu hiyo ni mali ya nkambo, yaani babu yao, kama viatu vyake na kiti chake. Walitaka awafasirie.

Mama aliniita jikoni. Nilijua kabla hajasema. Alinong'ona kwamba ule mwanzo usisikike, niruke, nianzie mbali, kwenye kuku. Nilirudi sebuleni, nikashika rimoti na kuruka mawingu. Msichana aligeuka papo hapo.

"Shangazi, umeruka mwanzo."

Nikasema mwanzo hauna kitu, ni mawingu tu. Akasema mwanzo ndio wenye nkambo. Mdogo wake akaunga mkono kwa kupiga teke meza. Kaka yangu akajaribu kusema kwamba nkambo amechoka, tuanzie katikati tumpunguzie kazi. Hapo baba, aliyekuwa amelala ubavu kwenye godoro tulilomtandikia chini ya dirisha, aliinua mkono.

"Rudisha," alisema. "Mi njo mwenye kufasiria, hapana weye."

Nilirudisha. Mawingu yakafunguka. Mama alikuwa mlangoni, na sahani ya karanga mkononi. Sauti ya mwanamke, sauti ile ile isiyozeeka, ikasema il était une fois. Baba alikohoa. Watoto walikuwa wamekwisha kuvuta pumzi ili waseme pamoja naye. Yeye akasema, taratibu, kwa usahihi kabisa:

"Kulikuwaka siku moja."

Watoto walipiga kelele za kupinga. Msichana alimwambia amekosea, aseme vizuri, ni maini, sikuzote ni maini. Baba aliwatazama. Macho yake yalikuwa manjano kama mafuta ya mawese, na ndani yake niliona tabasamu la zamani likijaribu kusimama.

"Ile maini ilishaisha," alisema.

Wajukuu walicheka mpaka wakalaliana. Kwao hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kusema: ini lililongojwa miaka yote, kumbe limeliwa. Walirudiarudia, ilishaisha, ilishaisha, na kila waliporudia, waliangua upya. Kaka yangu aliinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mama aliweka karanga juu ya televisheni, akatoka, na nikasikia maji yakimwagwa uani, ndoo nzima, bila kazi yoyote.

Sijui baba alijua tangu lini. Labda alimsikia daktari, maana masikio ya fundi wa reli husikia ufa ndani ya chuma. Labda miaka yote alijua tofauti ya fois na foie na alitupa ini kwa sababu tulilipenda. Au alijifunza tofauti hiyo katika wiki zile, peke yake, akilala chini ya dirisha. Ningeweza kumwuliza. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Lakini swali lolote kati ya hayo lingekuwa limebeba lingine ndani yake, nami niliishikilia rimoti yangu.

Aliendelea kufasiria. Jitu likashuka Kambove, likaonja udongo. Bata alipotokea darajani, baba aligeuza kichwa kwa kaka yangu na kutoa ile sauti ya puani, sasa nyembamba kama uzi.

"Makaratasi iko wapi, patron? Weye unafikiri huku ni kwa mama yako?"

Kaka yangu alijibu, kama alivyojibu utotoni, kwamba makaratasi yaliliwa na mbuzi. Bata akataka mbuzi aletwe atoe ushahidi. Hapo kikohozi kikamshika baba, kikamtikisa mwili mzima, na kilipomwachia alibaki amefumba macho, kinywa wazi, akitafuta hewa. Nilitazama watoto nikitegemea waguse bega lake, waombe aendelee.

Hawakuwa wamegundua. Bata alikuwa akisema Kifaransa chake, nao walikuwa wakimsikia vizuri sana, wakicheka mahali pake, palipoandikwa na watu wa mbali waliotengeneza filamu ile. Hawakuwa na haja ya mfasiri. Hawakuwa nayo tangu mwanzo.

Baada ya muda baba alifumbua macho. Binti mfalme alikuwa amekaa ukingoni mwa kisima na jitu, na wote wawili walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini. Baba aliwatazama kwa makini, akikunja paji la uso. Mahali hapo, katika tafsiri yake, wawili hao siku zote walibishana juu ya nani ataosha masufuria.

"Banasema nini?" aliniuliza.

Kutunga nilikuwa nimejifunza kwake. Nilikuwa na masufuria pale, nilikuwa na viwavi, ningeweza kumpa hata kuku. Lakini aliniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, nami nilimtafsiria neno kwa neno: binti mfalme anasema barabara ya kurudi ni ndefu, na jitu linasema litatembea naye mpaka mlimani.

Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Aa," alisema. "Kumbe ni ile tu."

Akageuza uso ukutani. Mama aliingia, akamfunika miguu kwa kitenge, akakaa pembeni yake bila kutazama televisheni. Filamu iliendelea mpaka ikaisha, na kaka yangu akawaambia watoto wavae viatu, kwa kuwa malori yalikuwa yanamngoja mpakani. Walimbusu nkambo wao shavuni, haraka, mmoja baada ya mwingine. Hatukumwambia chochote kuhusu ugonjwa wake, naye hakutuuliza, siku ile wala zile zilizofuata, na kila asubuhi mama alimpa vidonge vyake vya tifoide na yeye akavimeza.

Jumapili iliyofuata watoto walikuja tena, wakaangalia filamu nyingine, mpya, ambayo baba hakuwahi kuiona. Alilala. Kwa ajili yake tulipunguza sauti, na wao walicheka polepole, mikono yao midomoni.