Kilele Kati ya Nukta Mbili

Kiwanda cha majani chai kilikuwa mlimani, juu ya mji wa Runyenjes, na feni yake ya kunyausha majani ilinizidi urefu. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nakodishia viwanda kompyuta yangu ya kubeba yenye programu ya kupima mitikisiko ya mashine. Niliinunua Nairobi baada ya kubishana bei mpaka muuzaji akaniombea nipotee.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ndiye aliyekuwa fundi wa feni. Alisimama kando yake akishikilia kihisi cha mtikisiko kwenye beringi. Mimi na meneja tulikuwa kwenye kibanda cha swichi, nyuma ya dirisha, waya wa kihisi ukiingia kwangu. Mtikisiko ukivuka sita kwenye kipimo, feni izimwe. Usipovuka, iendelee, maana majani mabichi yalikuwa yamejaa.

Mchoro kwenye kompyuta ukaonyesha nne na nusu.

"Si unaona? Iko sawa," meneja akasema. "Funga vitu vyako."

Lakini nukta mbili za juu zilikuwa zimelingana kabisa. Sokoni, wauza viazi majirani wakikutajia bei moja, ujue wamepatana na kuna kitu wanakuficha. Programu hiyo hupima nukta kwa nukta. Kilele cha mtikisiko kikiangukia katikati, nukta zote mbili husoma chini.

"Ngoja, bosi. Nipime tena."

"Wewe hata sadaka unahesabu mara mbili!"

"Na haijawahi kuzidi."

Nikarefusha muda wa kurekodi ili nukta zisogeleane. Katikati ikachomoza nyingine, ndefu kuliko wenzake: saba. Nikarudia. Saba tena.

Nikafungua dirisha nimwonye shemeji. "Ni kilele! Kilele!"

Feni ilikuwa inanguruma, na Kiswahili chetu cha shuleni hakitenganishi sana *i* na *e*. Shemeji akasikia "kelele". Kelele tuliita ule uchafu wa chini ya mchoro unaoletwa na kihisi kilicholegea, na tulipatana nikiitaja akaze kihisi. Basi akanionyesha dole gumba, akainama, akakikandamiza kwa mikono miwili, uso wake karibu na mhimili unaozunguka.

Sikumngoja meneja. Nikabonyeza swichi, nikatoka mbio. Feni kubwa haisimami papo hapo kwa sababu tu umeizima. Ilipopunguza kasi ikatikisika vibaya zaidi, sakafu ikanitetemekea miguuni, boliti moja ikaruka ikagonga bati. Nikamvuta shemeji kwa kola, tukaanguka juu ya majani.

"Una wazimu?" akapiga kelele. "Si umesema nikaze?"

Feni iliposimama, akauzungusha mhimili kwa mkono. Beringi ikasaga kama mchanga kwenye jino. Akaufungua mfuniko wake, akachungulia: pete ya ndani ilikuwa imepasuka.

Akakaa chini polepole.

"Shemeji," akasema, "dada yako asijue."

"Asijue nini?"

"Mahali uso wangu ulipokuwa," akasema, akiuonyesha mhimili.