Mbuzi Wangu Hakulia

Mimi ni nyanya wa wajukuu kumi na mmoja na hakuna hata mmoja amewahi kulala njaa kwangu. Naliandika hilo mbele kabisa, na najivuna nalo, kwa sababu nimeona njaa ikiwa amri ya kanisa, na nikakaribia kuzika mtoto.

Ilikuwa Matinyani, miaka ya sabini. Mvua ilikuwa imetupita misimu miwili. Mume wangu alikuwa Emali akipakia mizigo stesheni, nami nilibaki nyumbani na mama yake na msichana wangu wa kwanza, wa miezi minne. Mtoto alikuwa amepewa jina la mama mkwe wangu, kama desturi yetu inavyotaka. Huyo mama mkwe alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Mrefu, mkavu, akikohoa tu unaacha ulichoshika. Fisi sikumwogopa hivyo.

Pasta alikuja mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote tulikuwa mikononi mwa mzee wa kanisa, na yeye alisoma Maandiko kama mtu anayesoma barua ya serikali: kimeandikwa, kifanywe. Jumapili hiyo alitusomea habari za mji wa Ninawi, jinsi watu walivyovaa magunia wakafunga, na wanyama nao wakakatazwa kula na kunywa, na Mungu akawahurumia. Tena akakumbusha malkia Myahudi aliyefunga na watu wake siku tatu, usiku na mchana. Akaviweka vyote viwili pamoja.

"Siku tatu," alisema. "Mtu asile, asinywe. Ng'ombe asinywe, mbuzi asinywe. Mtoto wa kunyonya anyonye mamake. Mmoja wenu akivunja, amevunjia wote."

Hayo maneno ya mwisho yaliniingia kama mwiba.

Jumatatu vinu vilinyamaza kijiji kizima. Mama mkwe alifunika mtungi wa maji kifudifudi mlangoni ili kila anayeingia aone. Kufikia mchana mbuzi walianza kulia. Nyumba hii, nyumba ile, ng'ambo ya mto, vilio juu ya vilio. Watu walisema ni vizuri, Mungu anasikia. Mimi nilisikia kama matanga.

Jumanne asubuhi maziwa yangu yalikauka. Mtoto alivuta, akaachia, akalia, akavuta tena. Halafu akaacha kulia. Nilimpapasa kichwani. Utosi ulikuwa umebonyea, kidole changu kiliingia kama kwenye unga. Midomo yake ilikuwa mikavu kama ganda la kitunguu.

Mama mkwe alikuwa kanisani kwenye maombi. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikamfungua mbuzi wangu mmoja mwenye maziwa, ambaye mwanawe alikuwa amekufa na kiangazi, nikateremka mtoni. Nilichimba mchanga kwa mikono mpaka maji yakatokea. Nikanywa. Mbuzi akanywa. Nikamtikisia maganda ya mgunga akala, kisha nikamkamua kwenye kikombe na kumnywesha mtoto kwa ncha ya kidole, tone kwa tone. Kila tone nilitazama juu. Nilingoja kupigwa. Anga ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kujificha, na niliona wazi kwamba ni mimi nimelifukuza. Nikarudi kinyumenyume nikifuta nyayo zetu kwa tawi.

Alasiri mama mkwe aliingia. Alisimama katikati ya uwanja, akainamisha kichwa kama anayesikiliza redio.

"Wewe. Mbona mbuzi wako halii?"

"Labda amechoka, mwaitu." Mwaitu ndiyo mama kwetu.

"Wangu wanne wamechoka. Wa jirani wamechoka. Wako anacheua."

Alimwendea mbuzi, akamtia mkono tumboni, kisha chini kwenye chuchu. Akaja kwangu, akamnusa mtoto mdomoni. Kabla hajasema lolote tukasikia kwenye ua:

"Hodi hapa! Tunapita kuombea kila boma."

Mzee wa kanisa. Mama mkwe aliruka, akashika sikio la mbuzi wangu akalipinda kama anayekamua nguo. Mbuzi akapiga yowe lililozidi ya wote.

"Hata huyu analilia mvua," mzee alisema akiingia.

"Tangu asubuhi," alijibu mama mkwe, ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya.

Mzee aliomba, akaomba, na mama mkwe hakuliachilia lile sikio mpaka amina. Mzee alipoondoka nilisema, "Mwaitu, nimevunja."

"Nyamaza. Huyu ni mimi," alisema akimwonyesha mtoto kwa kidevu. "Unataka kunizika nikiwa naona? Kesho nikiwa kanisani, nenda tena. Mimi nisikuone."

Alhamisi kijiji kilikunywa uji. Mama mkwe aligeuza bakuli lake.

"Umefunga siku moja," alisema. "Mbili zilizobaki ni za nani?"

"Acha nizifunge mimi."

"Ukifunga wewe, amefunga mtoto."

Akakaa ukutani mwa ghala, Alhamisi, Ijumaa, bila tone. Midomo ilipasuka ikatoa damu. Sasa woga wangu ukawa wa pande mbili: akifa, nimemuua mimi, akinywa, mvua imeharibika kwa ajili yangu. Nilimpelekea maji mara tatu. "Niondolee kikombe," ndiyo yote aliyosema, na mara ya tatu alitikisa kidole tu.

Mjukuu wangu aliyesomea mambo ya dini aliniambia juzi kwamba Wayahudi wana siku yao kubwa ya kufunga, na siku hiyohiyo wanasoma habari za Ninawi. Lakini aliye hatarini kufa wanamwambia ale, na akikataa ni makosa. Nilimwuliza mbona barua hiyo haikutufikia.

Ijumaa jua lilipozama mama mkwe aliomba uji. Hakuweza kushika bakuli. Nilimlisha kama nilivyomlisha yule mwingine, kwa ncha ya kidole kwanza.

Mvua ilikuja wiki tatu baadaye, haikuwa nyingi, ilitosha kunde. Watu walitoka wakapiga vigelegele, mzee akainua mikono akisema ni kufunga kwetu, na mama mkwe alisimama katikati yao, amelowa, hakunitazama. Mimi sikutoka; niliona maji yale ni ya waliofunga. Nilibaki ndani ya mlango nimemfunika mtoto kichwa kwa leso yangu, nikizuia hata tone moja lisimguse.