Mlango wa Baba Mkwe

Mlango wa gereji yetu hapa Makandana ulianza kulalamika katikati ya masika, na niliujua kwa masikio tu, maana kuusogelea nilikuwa siruhusiwi. Nyuma yake alikuwa anakaa baba mkwe.

Nieleze. Mimi ni muuguzi, mtu wa Singida, nililetwa Tukuyu na barua ya kazi nikaolewa hapahapa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Siyo ugomvi, ni heshima: hamkai chumba kimoja, hamtazamani usoni, hamsemezani. Wengi wameshaacha, lakini mzee wangu alikuja kutoka Kawetele na heshima yake yote, pamoja na kidonda cha mguu kilichotaka kusafishwa kila baada ya siku mbili. Ndani ya nyumba akakataa kuingia. Basi mume wangu akatoa makorokoro gereji, akaweka kitanda, na gari akawa anaondoka nalo Jumatatu kwenda kazini Mbeya mpaka Jumamosi. Kidonda kilisafishwa na muuguzi mwenzangu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuweka sahani kwenye kigoda, pale mlango mdogo wa jikoni unapotokea gereji, kugonga mara mbili na kuondoka.

Gereji haina dirisha. Mzee akitaka mwanga anainua ule mlango mkubwa wa chuma, unaopanda kwenye reli mbili kwa nguvu ya springi na waya. Mume wangu aliununua Dar, umeshatumika, na akautangaza mtaa mzima.

Asubuhi moja nakoroga uji, nikausikia unakwaruza. Kesho yake ukakwaruza upande wa kushoto tu, ukakwama, ukashtuka, ndipo ukapanda. Siku ya tatu mzee alipumzika mara nne kabla haujafika juu. Kazini mgonjwa anayepumua kwa shida hatumsubiri aseme anaumwa. Nilisimama nasikiliza mpaka uji ukaungua.

Nikampigia mume wangu.

"Paka grisi," akasema.

"Nitapakaje na baba yumo?"

"Basi nitamwambia apake mwenyewe."

"Wewe, huo mlango unalemea upande mmoja. Grisi itanyoosha nini?"

"Mbona baba hajalalamika?"

Hapo nikakata simu kabla sijasema la kujutia. Ndivyo tulivyoishi, watu wawili tuliotenganishwa na ukuta wa tofali moja, habari zetu zikipitia Mbeya. Chumvi ikizidi kwenye maharage, mzee anampigia mwanawe, mwanawe ananipigia mimi.

Wiki ile sikutulia. Nilikuwa namchoma mtu sindano huku nawaza jambo moja: mlango utamwangukia mzee wa watu, na mimi nitakuwa nimeusikia tangu siku ya kwanza. Nikitoka kazini nazunguka kwa nje, nakohoa ajue napita, nauchungulia. Ukiwa umefungwa, kona ya kushoto ilikuwa inagusa sakafu na ya kulia inaacha uwazi wa vidole vitatu. Siku aliyopelekwa kliniki nikaingia mbiombio, nikauinua hadi usawa wa kiuno, nikauachia. Mlango mzima hubaki hapohapo ulipouacha. Wetu ulishuka wenyewe mpaka chini kwa kishindo. Springi ilikuwa imechoka, na waya wa kushoto ulikuwa umefumuka, zimebaki nyuzi za kuhesabu.

Nikampigia fundi wa milango kule Kiwira, akasema atakuja Ijumaa. Nikampigia mume wangu amwambie baba asiuguse kabisa mpaka siku hiyo. Akasema sawa. Sawa ya mume wangu naijua.

Alhamisi mchana mvua ilikatika, jua likatoka, nami nikawa narudi kutoka kazini. Nilipofika getini nikasikia mlango unapanda, ukakwaruza, kisha kitu kikalia pa, kavu. Waya umekatika. Nikakohoa, mazoea tu, kisha nikajiona mjinga nikakimbia. Mlango ulikuwa umeinama upande, na mzee ameubeba kwa bega, mguu wenye bandeji umekunjika chini yake. Hofu niliyopata siku ile bado ninayo.

"Mama," akasema, hakunitazama, "shika huko."

Nikashika. Nikatazama miguu yake, sikupandisha macho. Kazini tukimhamisha mgonjwa kitandani tunahesabu, nami nikahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, tukausukuma juu kidogo, akatoa bega, akatoka, nikauachia na kuruka nyuma. Ulishuka juu ya kigoda kile cha sahani, mzee alikuwa amekisogeza hapo akalie juani, ukakipasua vipande viwili.

Tukasimama nje tumepeana migongo, kila mtu anahema kivyake.

"Mumeo nilimwambia mara tatu," akasema, anaongea na migomba.

"Na mimi nilimwambia."

"Aliniambia nipake grisi."

Nilikuwa nalia. Akasema "ndaga", ahsante ya kwao, akachechemea kuelekea kivulini.

Fundi alikuja Ijumaa kweli. Alibadilisha springi, akabadilisha waya zote mbili, akanyoosha reli. Jumamosi mume wangu alipofika nilimwambia yaliyokuwa moyoni mwangu, akainamia sahani yake. Mzee akarudi nyuma ya ukuta. Nikanunua kigoda kingine, nikaendelea kugonga mara mbili na kuondoka. Nilifikiri tumerudi kulekule, na iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Baada ya kama wiki mbili, niko jikoni, simu ikaita. Namba ngeni. Nikapokea, na sauti nikaisikia mara mbili, kwenye simu na ukutani.

"Mama, upande wa kulia umeanza kukwaruza. Hebu sikiliza wewe."

Nikazima jiko, nikaegemeza sikio ukutani.

"Inua taratibu, baba," nikamwambia. "Nasikiliza."